Natafuta bei ya kiboko, naletewa mnyama: namna ya kuibana Google

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa hapa Kasese. Wanachama wananiuliza kila wiki bei ya kiboko na FAQ, na mwenyekiti anataka takwimu za mauzo ya nje pamoja na maelezo ya ile sheria ya Ulaya kuhusu misitu. Nikiandika kwenye Google napata viboko wa Mfereji wa Kazinga, bei za Tanzania na kurasa za maswali na majibu. Nimesikia kuna alama za kuiamrisha Google. Ni zipi, na kwenye simu zinatumikaje? Chama kina tovuti ndogo pia.

Ndugu katibu, alama zipo, na karibu zote zinafanya kazi kwenye simu sawa na kwenye kompyuta. Lakini alama hizo haziifundishi Google kahawa ni nini. Zinazungusha ua tu, na ukizungusha ua mahali ambapo ng'ombe hayupo, utakesha unatazama ua mtupu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukisia waraka unaoutaka umeandikwa kwa maneno gani, na nani ameuweka wapi. Alama zinakuja baadaye.

Tuanze na maneno, maana ndipo mambo yako yanapoharibikia. Kiboko kwa Waswahili wote ni mnyama, au mjeledi. Ni katika biashara ya kahawa ya Uganda ndipo neno hilo linapomaanisha robusta iliyokaushwa na maganda yake. FAQ kwako ni kahawa iliyokobolewa, kifupi cha "fair average quality". Kwa tovuti nyingine duniani herufi hizo tatu ni kichwa cha ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Hata "screen 18", ambayo kwa mnunuzi ni ukubwa wa punje inayobaki juu ya chekeche, kwa Google inaweza kuwa kioo cha simu. Dawa yake ni kuliandika jina refu badala ya kifupi, na kuweka pamoja maneno mawili matatu ambayo watu wa kahawa peke yao ndio huyataja kwa pumzi moja:

kiboko "fair average quality" parchment price Uganda

Mnyama hatakuja hapo, kwa sababu hakuna ukurasa wa mbuga unaotaja "parchment", yaani arabica iliyomenywa ikabaki na ganda lake la ndani. Ukipenda kubaki na kifupi, toa kwa kistari ile maana usiyoitaka (drugar ni arabica iliyokaushwa bila kuoshwa):

coffee FAQ kiboko drugar -"frequently asked"

Umeona nimeandika kwa Kiingereza. Si kwa kukidharau Kiswahili. Baraza la Mawaziri lilikubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi nchini, lakini karibu nyaraka zote za serikali yetu zingali zinaandikwa kwa Kiingereza. Ukiandika "bei ya kahawa", wanaoandika kahawa kwa Kiswahili kwa wingi ni Watanzania, ndiyo maana unapelekwa Kagera na Moshi. Lugha ya swali ni kichujio hata kabla hujaweka alama yoyote. Kiswahili kitumie unapotaka mafunzo ya wakulima, matangazo ya redio au magazeti ya jirani. Luganda, yaani "emmwanyi", unapotaka mazungumzo ya wakulima wa Masaka na Mukono.

Na ukitafuta kwa Kiswahili, jua kwamba Google hujua kuwa "farmer" na "farmers" ni ndugu, lakini mkulima, wakulima na kilimo haiwaunganishi vizuri hivyo, kwa kuwa lugha zetu hubadilisha neno mbele, si nyuma. Wataje wote kwa OR:

mkulima OR wakulima OR kilimo kahawa kukausha

OR lazima iwe kwa herufi kubwa. Ukiandika "or" ndogo inachukuliwa kama neno la kawaida. Kwenye Google, OR huunganisha vitu vinavyoigusa kushoto na kulia, kwa hiyo mfano huo unasomeka "mojawapo ya haya matatu, pamoja na kahawa na kukausha". Bing haifanyi hivyo. Kule OR ndiyo ya mwisho kuhesabiwa, na bila mabano swali lako linakatika vipande viwili. Andika (mkulima OR wakulima OR kilimo) kahawa. Google mabano hayaidhuru, basi zoea kuyaweka.

Sasa amri ambayo, kama ungejifunza moja tu na kuacha zote, ningekuambia ujifunze hii: site:. Inamaanisha "usitoke nje ya anwani hii". Nguvu yake ni kwamba anwani inaweza kuwa ndefu au fupi utakavyo. Ukiandika site:kasese.go.ug umebaki kwenye tovuti ya wilaya yako. Ukiandika site:go.ug umezunguka wizara zote, wilaya zote na mamlaka zote za serikali zinazotumia anwani hiyo, hata zile ambazo hukujua kama zina tovuti. site:ac.ug ni vyuo, Makerere ikiwemo. site:ug ni kila anwani inayoishia na herufi hizo, pamoja na magazeti kama Monitor na New Vision, ambayo yako chini ya co.ug.

site:go.ug Kasese coffee filetype:pdf

Hapa watu wengi huteleza. Si kila taasisi ya Uganda iko chini ya ug. Idara ya takwimu, UBOS, iko ubos.org. Sheria na hukumu za mahakama ziko ulii.org. Ukijifungia ndani ya site:ug ukidhani umeshika nchi nzima, umeziacha nje takwimu na sheria, yaani nusu ya unachokitafuta. Kwa sensa ya mwaka 2024 ingia moja kwa moja:

site:ubos.org census 2024 Kasese

Kama haikuleta kitu, badili "census" uweke NPHC, kifupi ambacho UBOS wenyewe hukitumia kwa sensa ya watu na makazi.

Kwa takwimu za mauzo ya nje kuna kisa cha pekee. Taarifa za kila mwezi zilikuwa zikitolewa na UCDA, mamlaka ya maendeleo ya kahawa, kwenye tovuti yake, ugandacoffee.go.ug. Mwishoni mwa 2024 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Kahawa yanayozirudisha kazi za UCDA katika Wizara ya Kilimo. Kwa hiyo taarifa za zamani tafuta nyumba ya kwanza, mpya tafuta ya pili, na usipojua ni ipi, uliza zote mbili kwa pamoja:

site:ugandacoffee.go.ug OR site:agriculture.go.ug coffee exports "60-kilo bags"

Maneno hayo ya mwisho ndiyo chambo. Taarifa za UCDA hutaja mauzo kwa magunia ya kilo 60, na huandika hivyohivyo, "60-kilo bags". Mwandishi wa gazeti anaweza kuandika tani au mifuko, lakini mwenye taarifa rasmi harudi nyuma na msemo wake. Ukishapata waraka mmoja mzuri, usome ukurasa wake wa kwanza ukitafuta msemo wa aina hiyo, kisha uufunge katika alama za nukuu uvulie mingine.

Alama za nukuu zenyewe: maneno yaliyomo ndani yake huja kama yalivyo, kwa mfuatano huo, bila visawe wala kunyoosha tahajia. Zinafaa hata kwa neno moja. Google ikiona "Bunyangabu" na kudhani umekosea, ukilifunga kwa nukuu itaacha kukusahihisha. Lakini usifunge sentensi ndefu. Kila neno unaloongeza ndani ya nukuu ni nafasi nyingine ya kukosa, kwani mwandishi akiwa ameweka "the" usipoitarajia, waraka umekupita. Maneno mawili hadi manne yanatosha. Uakifishaji ndani ya nukuu Google huuchukulia mara nyingi kama nafasi tupu, kwa hiyo "2023/24" na "2023-24" huonekana kitu kimoja. Ila "2023/2024" ni kitu kingine. Andika zote:

"2023/24" OR "2023/2024" coffee exports site:go.ug

Tukiwa hapo kwenye mwaka, angalia sana. Mwaka wa kahawa Uganda huanza Oktoba na kuisha Septemba. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai na kuisha Juni. Taarifa mbili zilizoandikwa "2023/24", moja ya kahawa na moja ya bajeti, hazihesabu miezi ileile, na mwenyekiti akizilinganisha mbele ya mkutano mkuu atakuta tofauti ambayo si wizi wala kosa la hesabu. Hakuna amri ya utafutaji itakayokuonyesha hilo. Fungua waraka usome miezi iliyotajwa.

Kuna amri za tarehe pia, after: na before:, ambazo hupokea mwaka peke yake au tarehe kamili kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kama after:2025-01-31. Kwa habari za magazeti zinafaa mno. Kwa nyaraka za serikali siziamini sana, na sababu ni hii: Google hukadiria tarehe ya ukurasa, haiijui tarehe ya waraka. Taarifa ya 2019 iliyopandishwa upya wakati tovuti inatengenezwa inaweza kuhesabiwa ya mwaka ilipopandishwa. Kwa taarifa, andika mwaka kama neno. Kwa habari, tumia after:.

Sheria ya Ulaya ni mfano ambapo vyote viwili vinahitajika. Jina lake limeandikwa kwa namna kumi (kifupi chake ni EUDR), lakini namba yake ni moja: 2023/1115. Tafuta kwa namba. Maandishi yenyewe ya sheria yako kwenye tovuti za Umoja wa Ulaya, na yanayosemwa kwetu yako kwingine:

"2023/1115" coffee site:europa.eu

"2023/1115" OR EUDR coffee farmers registration site:ug after:2025-01-01

Tarehe ya kuanza kutumika kwa sheria hiyo imeshasogezwa mbele, na mtandao umejaa kurasa za 2023 na 2024 zinazotaja tarehe ya kwanza kana kwamba haijaguswa. Bila after: utamtia mwenyekiti hofu isiyo na sababu, au utampa utulivu usio na sababu. Kuhusu ule muhtasari wa akili unde unaojitokeza juu ya matokeo: tarehe na bei zilizomo humo usizibandike ofisini kabla hujafungua ukurasa zilikotoka.

Namba husaidia hata kwa sheria zetu, ila nazo zina mtego. Toleo la saba la sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na namba za sura zikabadilika. Sheria ya Ardhi, iliyokuwa sura ya 227, sasa ni 236. Ukitafuta kwa namba mpya peke yake utakosa hukumu na maelezo ya miaka ya nyuma. Kwa ya zamani peke yake, utakosa ya leo.

"Land Act" "Cap 227" OR "Cap 236" site:ulii.org

Majina ya wilaya yana tabia hiyohiyo. Jirani zenu Bunyangabu walimegwa kutoka Kabarole mwaka 2017, na Kitagwenda kutoka Kamwenge mwaka 2019. Ukitafuta mavuno ya Bunyangabu ya 2012 hutayapata hata ukiwa na alama zote za dunia. Yamo ndani ya Kabarole. Na safu yetu ya milima, maandishi ya zamani huiita Ruwenzori, yenye "u" baada ya "r".

Amri ya filetype: nimeshaitumia hapo juu. Weka pdf kwa taarifa, xlsx kwa majedwali (na xls pia, maana ni aina mbili tofauti na ofisi nyingi bado wanatumia ya zamani), pptx kwa mada za warsha. Mada za warsha watu huzidharau, lakini mara nyingi ndimo takwimu za wilaya zinapoonekana kabla taarifa kamili haijachapwa. Tatizo kubwa la PDF zetu ni kwamba nyingi ni picha: barua imepigwa chapa, ikagongwa mhuri, ikaskaniwa ikiwa imepinda. Google hujaribu kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, lakini hukosea, na neno moja lililosomwa vibaya linatosha kuiangusha nukuu yako. Ukishuku waraka ni wa namna hiyo, punguza maneno, ondoa nukuu, utafute kichwa au jina la faili:

site:go.ug intitle:coffee guidelines

site:go.ug inurl:coffee filetype:pdf

intitle: hudai neno liwe kwenye kichwa cha ukurasa, inurl: hudai liwe ndani ya anwani. Hutazitumia kila siku.

Kistari cha kutoa kina hatari yake. Wengi wakichoshwa na matokeo ya Kenya huandika -Kenya. Taarifa nzuri ya kahawa ya Uganda ikiwa na jedwali moja linalolinganisha na Kenya, nayo imeondoka. Toa tovuti badala ya neno, mfano -site:co.ke, au ingia kwa site:ug tangu mwanzo. Neno litoe pale tu ambapo lina maana nyingine kabisa, kama "frequently asked" yetu.

Kwenye simu, makosa karibu yote ni ya kibodi. Ukichagua neno kwenye mapendekezo, kibodi huongeza nafasi, na "site: go.ug" yenye nafasi baada ya nukta mbili si amri tena, ni maneno mawili. Kistari nacho kinataka nafasi mbele yake na kisiwe nayo nyuma: "coffee -site:co.ke". Kibodi nyingine hugeuza vistari viwili kuwa kirefu kimoja, na hicho kirefu usikitegemee. Njia rahisi ni kuandika maswali yako sita au saba kwenye daftari la simu, uyakague mara moja, kisha kila wiki unakili na kubandika ukibadili mwezi tu. Swali lisizidi maneno 32, kwani yanayozidi hapo Google huyaacha. Na kuokoa bando, soma kwanza kile kipande cha maandishi chini ya kiungo: ukiwa umetumia nukuu, Google hujitahidi kukuonyesha pale maneno yako yalipo, na mara nyingi utajua kama faili hiyo inastahili kushushwa kabla hujaifungua.

Kama Google inaendelea kukubadilishia maneno, ipo njia bila alama. Gusa Zana (kwenye simu telezesha ule mstari wa vichujio hadi mwisho), fungua palipoandikwa matokeo yote, uchague kile ambacho Kiingereza chake ni Verbatim. Hapo itatafuta ulichoandika, si ilichodhani.

Orodha za amri zinazozunguka kwenye WhatsApp zimejaa maiti. Alama ya kujumlisha mbele ya neno ilifutwa 2011, kiwimbi (~) cha visawe 2013, link: 2017, na cache: 2024. Hiyo ya mwisho imeacha pengo kwetu, kwa kuwa ilitufungulia nakala wakati tovuti ya ofisi imelala. Siku hizi nenda kwenye hifadhi ya Wayback Machine, uandike kwenye kivinjari:

web.archive.org/web/*/ugandacoffee.go.ug*

Utaorodheshewa kurasa na faili zilizowahi kuhifadhiwa za tovuti hiyo. Kwa taasisi ambayo kazi zake zimehamishwa, iandike anwani hii kwenye daftari lako kuliko zote.

Usihesabu wingi wa matokeo kama takwimu. Ile namba ya "matokeo" ni makadirio, na site: haikuletei kila ukurasa wa tovuti, inaleta ile Google iliyonayo. Kukosa kitu kwa site: hakuthibitishi kwamba hakipo. Jaribu swali lilelile kwenye Bing au DuckDuckGo, ambazo nazo zinaelewa site:, filetype: na intitle:, kabla hujaandika kwenye muhtasari wa kikao kwamba wizara haijatoa taarifa.

Umesema chama kina tovuti. Basi leo hii, kabla ya bei ya kiboko, andika hivi ukiweka anwani yenu mahali pa mfano:

site:anwaniyenu.org filetype:xlsx OR filetype:xls OR filetype:pdf

Nakuombea isitoke rejista ya wanachama yenye namba za vitambulisho, simu na vipimo vya GPS vya mashamba. Vyama vingi vinapandisha faili hiyo ili kumtumia mnunuzi kiungo, kisha vinasahau. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawabana ninyi mnaoitunza. Ikitokea, usianze na Google. Anza kwa kuifuta faili kwenye tovuti yenyewe, maana kuificha kwenye matokeo huku ipo ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi. Ikishafutwa, mtu anayetunza tovuti aingie Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, aombe iondolewe. Ombi hilo hudumu kama miezi sita tu, na faili ikiwa bado ipo, itarudi. Mnunuzi mtumieni kwa njia nyingine, faili ikiwa imefungwa kwa nenosiri, na nenosiri mpeni kwa simu.